Nilitembea Nikiwa na Miezi Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Mwalimu wetu anasema binadamu husahau karibu yote yaliyompata katika miaka yake ya mwanzo. Hasara kubwa! Utoto wangu wote umekwenda na maji. Kuanzia leo dunia haitapoteza tena hata siku yangu moja.

Leo nimeanza mafunzo kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo. Tunafundishwa kuwa wasaidizi. Wasichana wengi, mimi, na kijana mmoja mwenye miwani. Mwenye kituo, ambaye ndiye mwalimu wetu, ni mama mrefu, filimbi shingoni. Filimbi hawapigii watoto. Anatupigia sisi. Nimeshambatiza Mama Filimbi. Yule wa miwani nimembatiza Kamusi, kwa kuwa aliuliza swali ambalo nusu ya maneno yake mimi sijawahi kukutana nayo, na nusu iliyobaki nadhani hata yeye hajakutana nayo.

Kilichonileta hapa ni Shemeji. Mume wa Dada. Nakaa kwao, nalala kwenye kochi la sebuleni. Shemeji kasema, kwa upole (na upole wake ndio wa kuogopa), kwamba nikimaliza mafunzo haya bila kazi, basi la Jumamosi ya wiki ijayo litanipeleka kwa Mjomba, kwenye tanuri la matofali. Kwa Mjomba nilishafanya kazi. Ngozi ya viganja vyangu ilibaki kule. Mimi sirudi kuifuata.

Kwa hiyo kazi hii naitaka kufa na kupona. Na kulea watoto kitu gani? Nimekuwa mtoto mimi mwenyewe, tena kwa miaka mingi. Uzoefu ninao.

Mama Filimbi akatueleza saikolojia ya makuzi. Anasema mtu hakui urefu tu kama mlingoti. Ndani kuna hatua. Mtoto mchanga anajifunza kuamini: nikilia, yupo wa kuja? Wa miaka miwili anajifunza kujiamulia, ndiyo maana kutwa ni "sitaki" na "changu." Wa umri wa shule anajifunza kwamba anaweza kazi. Kijana anahangaika kujua yeye ni nani. Mimi ni nani nilishajua zamani. Sikuhangaika.

Kisha akaomba kila mmoja ataje jambo moja la utotoni mwake. Kamusi akasema alitembea alipotimiza mwaka. Alivyolisema! Kama anayesoma taarifa ya habari. Mimi nikasema nilitembea nikiwa na miezi saba.

Lilitoka lenyewe. Wasichana wote wakageuka. Watu wakishageuka, utawarudishaje? Nikaongeza kwamba nilipofika mwaka nilikuwa natoa sentensi nzima, na ya kwanza ilikuwa ya kumshukuru mama yangu. Mama Filimbi akatabasamu. Kaona kipaji.

Baada ya hapo alieleza jambo refu kuhusu mazulia na mtihani wa mwisho. Sikusikiliza. Nilikuwa naburudika na sura ya Kamusi.

Jumanne, 4 Machi

Sayansi hii ina faida nyumbani! Leo tumejifunza kwamba mtoto mdogo ukimmiminia maji kutoka bilauri pana hadi bilauri nyembamba, anaamini yameongezeka. Anatazama kimo tu. Akili ya kulinganisha bado.

Jioni nikaweka mpango. Dada alipochemsha chai, nikajitolea kumpelekea Shemeji. Dada akashtuka, akauliza kama naumwa. Nikammiminia Shemeji kwenye bilauri nyembamba ya maua, ile ndefu. Ikajaa hadi ukingoni. Iliyobaki nikainywa jikoni nimesimama, pamoja na sehemu kubwa ya sukari.

Shemeji aliitazama bilauri. Akanitazama mimi. Akauliza nani kanywa chai yake.

Naandika kwa masikitiko: Shemeji ameshavuka hatua hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Balaa lenye miguu minne!

Nimemuuliza msichana wa kiti cha mbele mazulia ni nini. Akanishangaa, akaniuliza siku ile nilikuwa wapi. Nilikuwepo, nikamwambia, ila masikio yalikuwa na shughuli nyingine. Basi akanieleza. Siku ya mwisho ukumbini yanatandikwa mazulia manne. La kijani ni la uchanga. La njano ni la miaka miwili mitatu. La bluu ni la umri wa shule. Jekundu ni la ujana. Unasimama kwenye la kijani, unaeleza ulivyokuwa umri huo, ulijifunza nini, nani alikuwa karibu nawe. Huruhusiwi kukanyaga zulia linalofuata mpaka shahidi wako aseme "Amevuka." Akisema "Bado," umekwama.

Shahidi! Na shahidi lazima awe mtu wa nyumbani aliyekulea.

Nikauliza ukikwama inakuwaje. Filimbi ikalia, tukatawanyika. Sikuhitaji jibu. Najua kukwama kunaishia wapi. Kunaishia kwenye tanuri.

Kwa kawaida shahidi wangu angekuwa Mama. Lakini mama yangu mdomo wake hauna pazia. Ukimuuliza habari, anakupa habari. Hatii chumvi, hapunguzi. Mtu wa namna hiyo ni hatari kwa maendeleo ya vijana. Na Mama Filimbi ana sheria moja tu hapa kituoni, kaibandika mlangoni kwa herufi kubwa: anayemdanganya anakwenda nyumbani.

Kwa hiyo ukweli unanikwamisha na uongo unanifukuza. Nimechagua uongo, una nafasi.

Mchana nilipelekwa chumba cha watoto wa miaka miwili. Hakuna anayekitaka chumba kile. Msaidizi wa mwisho alitoka pale amefungwa bendeji kidoleni na hakurudi hata kuaga. Humo ndani mtu mzima haruhusiwi kusimama. Anatembea kwa magoti, ili macho yake na ya mtoto yawe sawa. Magoti yangu sasa yana sura ya viazi. Kazi yangu ilikuwa kuwapima watoto subira: unaweka biskuti moja mezani, unamwambia mtoto akisubiri atapata mbili.

Biskuti niliila mimi. Ilikuwa inanitazama. Watoto walicheka mpaka wakagaagaa chini. Kamusi, chumba cha pili, watoto wake walikuwa kimya kama wako benki.

Ijumaa, 7 Machi

Tatizo limekwisha. Sina mpinzani kwa akili.

Ng'ambo ya barabara yetu yuko Fundi Cherehani. Mwanamke mnene wa sauti, anapenda misiba na harusi sawasawa, maadamu kuna watu wa kumtazama. Nikamwendea. Nikamwamkia mara mbili. Akaniambia niache kuzunguka, niseme shida yangu. Nikamwambia nahitaji shangazi kwa siku moja.

Hakushtuka. Aliweka sindano chini, akauliza shangazi wa namna gani: mpole, mkali au wa machozi? Mtu wa kazi huyo! Nikasema wa fahari. Akakubali kwa sharti kwamba nimbebee cherehani hadi kwa mtengenezaji na kumrudishia.

Cherehani ile ni ya chuma kitupu. Nimeibeba kichwani. Shingo imeingia mabegani na haijatoka hadi sasa. Njiani nimekutana na Kamusi. Akaniuliza kama hilo ni zoezi la hatua gani ya makuzi. Nikamwambia aende zake.

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi na shangazi wangu. Yameenda vizuri kupita kiasi, na ndilo linalonitia wasiwasi.

Nimemfundisha mambo machache: miezi saba, sentensi nzima, shukrani. Akasema hadithi haina nyama. Akaongeza kwamba usiku niliozaliwa umeme ulikatika mtaa mzima na ulirudi nilipolia. Nikamwambia abaki kwenye miguu. Akasema basi kwamba nilipotembea mara ya kwanza nilielekea moja kwa moja kwenye rafu ya vitabu. Nikamwambia kwetu hakukuwa na rafu. Akajibu, "Mwanangu, kwani wewe na mimi nani shangazi?"

Wiki hii tumesoma pia habari za ujana. Ati kijana hujiona kama yuko jukwaani, anadhani dunia nzima inamtazama. Mimi sidhani. Mimi natazamwa. Nimevaa shati la Shemeji lenye mistari leo, na watu wawili wamenitazama, mmoja wao akiwa Shemeji.

Jioni Dada aliongea na Mama kwa simu. Nikamnong'oneza amsalimie sana, ila habari za mazulia asizitaje kabisa. Dada akaitikia kwa kichwa. Akaondoka na simu hadi uani. Nikamsikia anacheka kule.

Sina wasiwasi. Dada ni damu yangu.

Jumatano, 12 Machi

Lazima niandike yote. Nimeoga mara mbili na bado nasikia aibu nyuma ya masikio.

Mchana, ukumbi ukajaa. Wazazi walikuwa wamekuja kuchukua watoto wao, wakaambiwa wakae watazame. Mazulia manne katikati, mstari mmoja. Mama Filimbi kando, filimbi mkononi. Kwa mbali yalionekana mazulia ya kawaida. Ukisimama karibu, ni kama mito minne.

Kamusi akatangulia. Shahidi wake ni mama yake, muuguzi mstaafu, kavaa kama anakwenda kukagua wodi. La kijani, amevuka. La njano, amevuka. La bluu, amevuka kwa sifa. Kwenye jekundu Kamusi akatoa hotuba ndefu kuhusu yeye ni nani. Alipomaliza, mama yake akasema "Bado." Akaeleza kwamba mpaka leo akinunua shati analirudisha mara mbili, eti watu watasemaje. Ukumbi ukacheka. Kamusi miwani ikaingia ukungu.

Nilifurahi! Nilifurahi kwa muda unaotosha kumeza mate. Kisha likaitwa jina langu.

Fundi Cherehani akasimama kama bibi harusi. Kilemba kipya, pete kila kidole. Mimi nikapanda zulia la kijani. Kabla sijafungua mdomo shangazi wangu akapaza sauti, "Amevuka!" Mama Filimbi akamwomba asubiri kuulizwa. Akasubiri kidogo, akashindwa, akaanza habari za umeme. Umeme sasa ulikuwa umekatika mji mzima, na radi juu. Mama Filimbi akamuuliza kwa utaratibu: mtoto alipokuwa mchanga, akilia usiku, alikuwa anatulizwaje? Fundi akanitazama mimi. Nikampa ishara ya kubembeleza. Akaielewa vibaya, akasema nilikuwa natulizwa kwa kuogelea.

Watu wakakohoa. Mimi nikajikausha, nikahamia la njano haraka, nikasema kwa sauti ya kiume kwamba nilitembea nikiwa na miezi saba, na shangazi yangu huyu hapa ni shahidi. Fundi akainua mkono wenye pete, akaapa.

Mlango ukafunguliwa. Dada. Na nyuma ya Dada, begi la safari mkononi na vumbi la njia mguuni, Mama yangu mzazi.

Damu ni nzito kuliko maji, wanasema. Ya Dada ni nyepesi kuliko chai.

Mama akasalimia ukumbi mzima, akaomba radhi kwa kuchelewa, gari liliharibika. Kisha akamwona Fundi kasimama mahali pa shahidi. Akauliza huyu mama ni nani. Fundi akajibu, sauti ikipungua kila neno, kwamba yeye ni shangazi wa mtoto. Mama akasema basi ni maajabu, kwa sababu mume wake alizaliwa na kaka watupu. Ndugu wa kike hakuwa naye hata wa dawa.

 Nikamwangalia Fundi kwa macho ya kuomba. Yule mwanamke akatazama mlango, akatazama Mama, akasema, "Basi mimi ni shangazi wa leo tu, dada yangu. Karibu ukae, umetoka mbali." Akampa kiti! Akaanza kumpepea kwa kilemba! Mimi nimebeba cherehani ya chuma kwa ajili ya mtu huyu!

Mama Filimbi akainua filimbi. Nikaona matofali. Nikaona yale mekundu, ya moto, na Mjomba juu yake ameshika kiuno. Lakini hakupuliza. Aliishikilia tu karibu na mdomo, akamuuliza Mama kama yuko tayari kuwa shahidi. Mama akauliza utaratibu, akaelezwa, akaweka begi chini.

Akaanza. Mama yangu akianza, hata saa ya ukutani inasikiliza.

Alisema miezi saba nilikuwa hata kukaa sijui. Ukinikalisha naanguka kama gunia lisilofungwa. Watoto wa rika langu walitambaa, mimi natazama. Wakasimama, mimi natazama. Wakaanza kukimbia, ndipo mimi nikaanza kusota. Kwa makalio. Tena kinyumenyume! Kila mahali nilifika nimetanguliza mgongo. Jirani alikuwa akiona kisogo kinaingia mlangoni anajua ni mgeni gani. Kaptula zangu zote zilitoboka nyuma, akachoka kuzitia viraka, akaanza kushona kiraka kabla ya kaptula kutoboka. Nilitembea nilipovuka miaka miwili. Na neno langu la kwanza halikuwa shukrani. Lilikuwa "changu," na nilikuwa nimekumbatia kiatu cha baba.

Ukumbi ulikuwa unalia kwa kicheko. Kamusi alikuwa ameshika ukuta. Mama Filimbi akauliza, je, la kijani amevuka?

Hapo Mama hakucheka. Akasema, "La kijani amevuka. Hajawahi kulia akaachwa, hilo naliapia. Alikuwa anaamini watu wote, mpaka tukawa tunamwamulia kila kitu." Na la njano? Akanigeukia. "La njano, mwanangu, bado."

Sijui kwa nini, la kijani ndilo lililonifanya macho yawashe. Vumbi la mazulia, bila shaka.

Mama Filimbi akaniambia nioneshe nilivyokuwa nasota.

Mbele za watu! Mbele ya msichana wa kiti cha mbele! Nikafikiria heshima. Nikafikiria tanuri. Nikakaa chini. Nikageuza mgongo, nikasota kinyumenyume juu ya zulia la njano kutoka pembe hadi pembe. Na mwili, niseme ukweli, haukusahau. Nilikwenda kama maji.

Mlango wa chumba cha miaka miwili ulikuwa umeachwa wazi. Wakaniona. Wakatoka! Yule wa kwanza akakaa nyuma yangu, wa pili nyuma yake, na wote wakaanza kusota kama mabehewa, wanapiga kelele za furaha. Wasaidizi wakakimbilia kuwatoa, wakakataa, "Sitaki!" Kila mmoja. Nilijikuta kiongozi wa msafara.

Ndipo baba mmoja akasimama. Amevaa sare ya ulinzi, kofia kwapani. Binti yake alikuwa katika msafara wangu, na huyo ndiye pekee ambaye hakuwa anaigiza. Anasota kweli. Hajatembea bado. Baba akamuuliza Mama, mbele ya wote, kama anasema kweli kwamba nilivuka miaka miwili bila kutembea. Akasema amempeleka kwa daktari, daktari kampima kaona yuko sawa, kasema wasubiri. Lakini kusubiri kunakula watu. Kila mgeni anayekuja nyumbani anauliza mtoto ana nini. Mke wake hataki tena kumtoa nje.

Mama akamwambia na yeye aliulizwa hivyo hivyo. Alikuwa anakesha ananitazama miguu. Mpaka siku moja anaanika nguo, akasikia anavutwa upindo, akageuka: nimesimama. Nimeshika ndoo ya maji na ndoo imepinduka na nguo zote ziko matopeni. "Nilimchapa kofi na kumbusu, sijui lipi lilitangulia. Huyo hapo sasa. Miguu anayo, kichwa ndicho tunasubiri."

Baba yule akacheka. Akacheka vibaya, kama mtu aliyetua mzigo ghafla na mikono haijui iende wapi. Kisha akafuta macho kwa kofia. Akavua viatu vyake vya kazi, akaja kukaa kwenye zulia la njano, akamweka binti yake mapajani. Wazazi wengine nao wakaanza. Wa kwangu haongei na ana miaka miwili na nusu. Wa kwangu anaogopa kila mwenye ndevu. Wa kwangu bado anakojoa. Walisema kama watu waliofungiwa chumbani wakafunguliwa dirisha. Mama Filimbi akawajibu mmoja mmoja: huyu mngojeni, huyu mleteni nimwone, huyu mpelekeni kwa daktari wiki hii msichelewe.

Mimi nimekaa katikati yao, nasubiri kufukuzwa. Mwisho nikauliza mwenyewe. Nilishindwa kusubiri.

Mama Filimbi akasema mtoto wa zulia la njano akivunja kikombe husema ni paka. Hafukuzwi nyumbani. Anakalishwa, anafundishwa, na anaokota vigae. Mimi vigae vyangu ni kuosha mazulia yote manne, na kumwomba radhi mama wa watu niliyemfanya shangazi. (Fundi akasema hana kinyongo, amefurahi sana.) Kisha akasema kila mtu anapewa kazi na watoto wa zulia alilokomea, kwa sababu hao ndio atakaowaelewa. Kukwama hakumkoseshi mtu kazi. Alisema hivyo siku ya kwanza.

Wote wakaitikia kwamba ndiyo, alisema. Hata Fundi Cherehani aliitikia, na siku ya kwanza hakuwepo!

Nimepata kazi. Chumba cha miaka miwili. Sirudi kwenye matofali! Nikalazwa chali na watoto, wakanikalia tumboni, na sikutaka kuamka.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala kama gogo. Nimeamka, nikatazama viganja vyangu. Vipo. Ngozi yote ipo.

Shemeji alisimuliwa jana wakati wa chakula. Dada alisimulia, Mama akasahihisha. Kwenye kusota Shemeji aliweka kijiko chini. Kwenye "shangazi wa leo tu" alitoka nje kabisa, tukamsikia anagonga ukuta. Alirudi akampigia Mjomba simu, kwamba siendi. Anasema Mjomba alishusha pumzi ndefu na kumshukuru Mungu. Nadhani simu ilikuwa na hitilafu.

Nimeosha mazulia. Jekundu zito kuliko yote. Kamusi kapewa vijana wa shule wanaokuja jioni. Nusu yao wamemzidi kimo, na wameshamuuliza mbona shati lake liko hivyo. Nilimwonea huruma. Si sana.

Nimemsindikiza Mama. Kituoni alinishika sikio, kama zamani, ila safari hii hakulivuta. Akasema nisiwe na haraka ya kuonekana nimefika. Yeye hajawahi kuudhika kwamba nilichelewa. Alichokuwa anaogopa ni nisije nikabaki peke yangu nyuma. Jana kuniona na wale watoto nyuma yangu, kalala usingizi wa kwanza wa maana tangu nihamie mjini.

Nikamwambia asijali, nimekua. Akaniambia nifunge kamba za viatu.

Nimefikiria maneno yake kwa makini nikirudi. Nimeelewa. Mtu akichelewa kuanza ni kwa sababu anajikusanya. Chui hujikusanya kabla ya kuruka. Kwa hiyo nilikuwa mtoto wa ajabu kuliko nilivyodai.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza ya kazi. Mimi ni mtumishi sasa. Fulana ya kituo, beji, magoti ya suruali yenye viraka (Mama aliyashonea kabla ya kuondoka, bila kuambiwa).

Asubuhi ilikwenda vizuri. Nikapokea watoto, nikawavua viatu, nikawaambia wazazi wote kwa sauti tulivu kwamba kila mtoto ana wakati wake. Mama mmoja akaniita mwalimu. Nilimwomba arudie, nilikuwa sijasikia vizuri.

Kisha kikatokea kiti.

Chumba kina viti vidogo vya mbao, kimoja tu ni cha rangi ya machungwa na kina mikono ya kuegemea. Ni kiti kizuri. Karibu na dirisha. Nimekiona, nimekikalia. Akaja mtoto mmoja wa kike, mwenye mashavu, ambaye hapa wote wanamwita Meneja. Akasimama mbele yangu. Akasema "Changu."

Nikamweleza kwa kufuata saikolojia. Nilisema namwelewa, yuko katika hatua ya kujiamulia, hisia zake ni halali, ila mimi ndiye niliyetangulia. Akasema "Changu." Nikamwambia kwa heshima kwamba ni changu. Akashika mkono mmoja wa kiti, mimi nikashika mwingine. Nikasema sitaki. Akasema sitaki. Tukavutana. Mimi nina nguvu, lakini yeye alilala chini, na sikuwa nimejiandaa kwa mbinu hiyo. Nikalala na mimi.

Filimbi.

Tumekalishwa pembeni wote wawili, mgongo kwa mgongo, tufikiri. Meneja alifikiri, akamaliza, akaruhusiwa. Mimi nikabakizwa. Nilipotoka alikuwa amekaa kwenye kiti cha machungwa, anakula biskuti, ananitazama bila haya.

Sawa. Yeye ni mtoto, mimi ni mtu mzima mwenye kazi, siwezi kushindana naye. Ila kesho nitafika kabla yake. Yeye hawezi kutoka nyumbani bila kushikwa mkono. Mimi naweza. Hiyo ndiyo faida ya kukua.